Reli ya Shamba, ya Vita na ya Magogo



Miaka michache iliyopita nilitia sahihi karatasi ambayo mpaka leo nikiikumbuka sijisikii vizuri. Shamba moja la mkonge lilikuwa linasafisha karakana yake ya zamani. Humo ndani mlikuwa na troli za reli nyembamba zipatazo thelathini, zile za upana wa sentimita 60 zilizokuwa zikichukua majani ya mkonge kutoka shambani hadi kwenye mashine ya singa. Wenye shamba waliomba maoni ya bwana shamba: je, vyombo hivi vina kazi tena? Mimi nilikuwa mgeni kazini. Nilizunguka na daftari langu, nikaona kutu, nikaandika "chuma chakavu", nikaenda kunywa chai.

Wiki ya pili lori likaja. Mzee mmoja fundi, ambaye ujanani aliendesha kiberenge shambani hapo, alisimama nami getini tukiangalia troli zinavyotupwa juu ya lori. Akaniambia kwa upole, "Bwana shamba, kutu ile ni ya nje. Ungegonga ekseli kwa nyundo ungesikia." Sikuwa nimegonga hata moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za reli hizi ndogo: zilitoka wapi, na watu wa nchi nyingine walizifanyaje zilipozeeka. Nilichokuta kilinishangaza, na nadhani kitakushangaza nawe, maana habari yenyewe inaanzia shambani.

Mwaka 1875, huko Ufaransa, mkulima mmoja jina lake Paul Decauville alikuwa na viazi sukari vingi shambani na mvua ilikuwa imenyesha. Unajua mwenyewe hali hiyo. Gari la farasi likiingia linazama mpaka kwenye ekseli. Decauville hakuwa mkulima mtupu, familia yake ilikuwa na karakana pia, akapata wazo la kutandika reli nyepesi juu ya tope. Reli mbili na mataruma yake ya chuma viliunganishwa kiwandani vikawa kama ngazi. Vibarua wakaibeba ngazi hiyo, wakailaza chini, wakaunga nyingine mbele yake. Viazi vya kipande kimoja vikiisha, wanang'oa wanahamia kipande cha pili. Reli ya kwanza ilikuwa na upana wa sentimita 40 tu. Baadaye ule wa sentimita 60 ndio uliosambaa duniani, na mwaka 1889, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, treni ndogo ya Decauville ya upana huo ilibeba watu zaidi ya milioni 6.

Sasa, chombo kikiwa chepesi, kikitandikwa haraka na kung'olewa haraka, mkulima si mtu pekee wa kukipenda. Ofisa mmoja wa mizinga wa Ufaransa, Prosper Péchot, alikitengeneza upya kwa ajili ya kubeba mizinga na risasi, na jeshi lake likaipokea reli hiyo mwaka 1888. Wajerumani nao wakachagua upana uleule wa sentimita 60. Ilipozuka Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914, na majeshi yakazama kwenye mahandaki na tope, reli ya viazi ikawa reli ya vita. Vipande vya mita 5 vilitandikwa usiku, vikapigwa na mizinga mchana, vikatandikwa tena usiku.

Hapa kwetu mambo yalikwenda kwa njia hiyohiyo, ila kwa haraka zaidi. Koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki lilikuwa na reli kubwa mbili zisizokutana: ya Tanga kwenda Moshi, na ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Baharini kulikuwa na manowari za Waingereza. Jeshi la von Lettow-Vorbeck likapita kwenye mashamba ya kaskazini, likakusanya reli za troli na vigari vyake, likazitandika kutoka Mombo hadi Handeni. Vigari vingi vilisukumwa kwa mikono ya watu, na kutoka Handeni mizigo iliendelea vichwani mwa wapagazi kuelekea reli ya kati. Mwaka 1916 Waingereza walipofika, njia hiyo wakaifuata. Ukisikia watu wa Handeni wakisema wazee wao walisukuma reli, usifikiri ni hadithi ya sungura.

Haya, vita vikaisha mwaka 1918. Kuanzia hapo ndipo msitu unapoingia.

Wajerumani peke yao walikuwa wametengeneza vichwa vya treni vya jeshi zaidi ya 2,500 vya namna moja: vidogo, vya mvuke, vyenye ekseli nne, vyote vya upana wa sentimita 60. Vilitoka kwenye viwanda vingi tofauti lakini kwa ramani moja. Ongeza maelfu ya vigari na reli zisizo na idadi. Vyote vikabaki vimetapakaa Ulaya nzima, havina mwenyewe wa maana. Bei ikashuka. Na wenye viwanda vya mbao, wa machimbo ya udongo na wa viazi sukari wakafungua macho.

Niseme kidogo kwa nini watu wa misitu ndio waliofaidi sana, maana hapo pana jambo la ufundi linalostahili kutazamwa polepole.

Behewa la jeshi halikuwa chombo kimoja. Lilikuwa sanduku la mbao lililokaa juu ya vigari viwili vifupi, kila kimoja na magurudumu manne. Kati ya sanduku na kigari palikuwa na pini katikati, ili kigari kizunguke kikifika kwenye kona. Jeshi lilifanya hivyo kwa sababu lake. Mtu wa msituni yeye akalitoa sanduku, akalitupa au akalifanya kibanda cha kuku. Akabaki na vigari viwili. Juu ya kila kigari akafunga boriti la kukingama, lenye kuzunguka, na pembeni akasimamisha vyuma viwili vya kuzuia magogo yasidondoke. Kisha akaleta gogo la mita kumi na mbili, ncha moja akailaza kwenye kigari cha mbele, ncha ya pili kwenye kigari cha nyuma, akafunga minyororo. Gogo lenyewe likawa ndilo bodi la gari! Leo gogo ni refu, vigari vinasogezwa mbalimbali. Kesho ni fupi, vinasogezwa karibu. Wakati wa kurudi msituni bila mzigo, vigari vinaungwa pamoja vinakuwa treni fupi, nyepesi, rahisi kupandisha mlima.

Mtindo huo wa kutumia vigari viwili ulikuwapo hata kabla ya vita, lakini vita viliuleta kwa bei ya kutupa. Na siri kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa upana mmoja na vipimo kulingana. Kigari kilichookotwa Ubelgiji kiliweza kupita kwenye reli iliyoachwa Poland. Ekseli ikivunjika, unaitoa kwenye kigari kingine kilichokufa. Linganisha na majembe ya trekta tuliyo nayo vijijini: la msaada huu bolti zake ni za inchi, la msaada ule ni za milimita, na ya tatu spea zake hazijulikani zilipo. Mawili yakiharibika huwezi kupata moja zima.

Vichwa vya treni navyo vilibadilishwa. Vilikuwa vimetengenezwa kula makaa ya mawe, na msituni mafuta yaliyo karibu ni kuni. Kuni zinajaza nafasi kubwa na moto wake ni mdogo kwa kulinganisha, kwa hiyo dereva husimama mara kwa mara kupakia. Tena kuni hutoa cheche. Cheche moja kwenye majani makavu ya msonobari, msitu wote umekwenda. Ndiyo maana picha za treni za misituni zinaonyesha bomba la moshi lililofura juu kama kibuyu. Humo ndani mna kizuizi cha kuzifanya cheche zizunguke na kuzimika kabla ya kutoka. Ukipata picha ya kichwa cha jeshi kikiwa na bomba la namna hiyo, ujue kilishaacha uaskari.

Lakini si kila kitu kilifaa. Ekseli ya mbele na ya nyuma za vichwa hivyo ziliweza kujipinda kidogo kufuata kona, ufundi wa hali ya juu kabisa, ila ulikuwa na sehemu nyingi zinazolika. Jeshi lina mafundi na spea. Mwenye kiwanda cha mbao ana fundi mmoja na nyundo. Na boila ni boila. Kigari kikichoka kinakwama tu njiani, boila likichoka linaua watu. Mafundi wa reli za misitu waliokuwa hodari katika kuokoteza walikuwa wakali hapo: chuma cha boila hupimwa, na kisipotosha unene hakuna cha kubembeleza.

Reli zenyewe nazo zilipewa maisha mawili. Kwenye kona, gurudumu linasaga reli upande wa ndani tu. Ukilika, ile reli inafunguliwa, inageuzwa, na upande mzima unatazama ndani. Kazi ya siku moja, na umepata miaka mingine ya kazi.

Baadaye kidogo ikaingia trekta. Hapa mkulima asikilize vizuri. Mwaka 1917 Henry Ford alitoa trekta ya Fordson, ya bei nafuu, inayotumia mafuta ya taa. Jambo la ajabu la trekta hii ni kwamba haikuwa na chasisi: injini, giaboksi na ekseli ya nyuma vilifungwa pamoja kwa bolti, na huo mwili wenyewe ndio uliobeba kila kitu. Kwa hiyo watu wa mbao huko Marekani, Australia na New Zealand walitoa magurudumu, wakaupandisha mwili huo juu ya fremu yenye magurudumu ya reli. Tayari ni kiberenge. Tatizo likawa moja: Fordson ilikuwa na gia tatu za kwenda mbele na moja tu ya kurudi nyuma. Shambani trekta inageuka, kwenye reli haigeuki. Ungekwenda vizuri na kurudi kinyumenyume kama kinyonga. Kwa hiyo wengine wakaongeza kisanduku cha gia katikati ili mwendo uwe sawa pande zote mbili.

Nimesifu sana mpaka hapa, na haitakuwa haki nikinyamaza juu ya upande wa pili.

Mpakani mwa Poland na Belarusi uko msitu wa Białowieża, msitu wa kale sana, ambamo waliishi nyati wa Ulaya. Jeshi la Wajerumani liliingia humo mwaka 1915. Likajenga viwanda vya mbao na kutandika reli za sentimita 60, na kazi nyingi ikafanywa na mateka wa vita. Mbao zikaenda vitani. Muda mfupi baada ya vita kwisha, nyati wa porini katika msitu huo walikuwa wamemalizwa kwa kuwindwa. Serikali mpya ya Poland ilikuta reli ziko palepale, na mwaka 1924 kampuni moja ya Uingereza ikapewa mkataba wa kukata magogo. Ikakata kiasi kwamba mwaka 1929 mkataba ukavunjwa.

Unaona? Reli iliyookotwa ni rahisi, na kwa sababu ni rahisi, kukata nako kunakuwa rahisi. Ingekuwa lazima kununua reli mpya, mtu angefanya hesabu mara mbili kabla ya kuingia kila bonde. Nimewaambia wanafunzi wangu chuoni habari hii, mmoja akanijibu, "Mwalimu, basi tuseme reli ina makosa?" Nikamwambia reli haijawahi kushika shoka. Hata hivyo jibu langu halikunitosheleza mwenyewe. Nyati walirudishwa porini mwaka 1952, kutokana na waliokuwa wamehifadhiwa na kuzalishwa kwenye mazizi. Magogo yaliendelea kupita kwenye reli ile mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku hizi treni yake inabeba watalii kutoka Hajnówka hadi Topiło, kilomita 11, kwa injini za dizeli, wakienda kuutazama msitu uleule ambao reli ilitandikwa ili iumalize.

Mahali pengine ni Muskau, mashariki ya Ujerumani. Huko reli ya msitu ilianza mwaka 1895 kwenye milki ya bwana mmoja mkubwa, Hermann von Arnim, ikibeba mbao, makaa, na malighafi za viwanda vya karatasi na vioo. Vichwa vya jeshi vilifanya kazi hapo kwa miaka mingi baada ya vita, na mwaka 1951 reli hiyo ikachukuliwa na shirika la reli la Ujerumani Mashariki. Mwaka 1978 ikafungwa. Malori yalikuwa yameshinda. Sehemu kubwa ya reli iling'olewa.

Unadhani ni nini kilichoiokoa iliyobaki? Ni matofali. Kiwanda cha matofali cha Weißwasser kilikuwa bado kinahitaji udongo kutoka kwenye machimbo, na kipande cha reli kati ya machimbo na kiwanda kikaachwa kifanye kazi. Siyo kwa kuhifadhi historia, hapana, ni kwa sababu udongo ulihitajika. Kuanzia mwaka 1984 wapenzi wa reli wakaanza kujitolea kufufua vyombo, na katika miaka ya 1990 njia za kwenda Kromlau na Bad Muskau zikaanza kubeba wageni kwa treni ya mvuke. Kati ya vichwa vinavyovuta kuna kimoja kilichotengenezwa mwaka 1918 kwa ajili ya vita.

Kule Marekani, California, mambo yamefanana. Kampuni ya mbao ya West Side ya mji wa Tuolumne ilikuwa na reli ya futi tatu na vichwa vya treni vya aina ya Shay, ambavyo nguvu yake hupita kwenye shafti na meno kama ya giaboksi hadi kila gurudumu, vizito, vya polepole, lakini mlima haviuogopi. Kazi ya mbao ilipokwisha huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, vichwa viwili vilihamia Fish Camp, karibu na mbuga ya Yosemite. Magari ya magogo yakafungwa viti. Na viti vyenyewe vimechongwa kwenye magogo. Mtalii anakaa mahali lilipolala gogo, juu ya gogo.

Lakini kama ungeniuliza ni ipi kati ya reli hizi ninayotamani kuiona kwa macho yangu, ningesema ile ya Vişeu de Sus, kaskazini ya Romania, iliyoanza mwaka 1932. Yake ni pana kidogo, milimita 760. Hiyo watalii inabeba, na magogo inabeba bado, kutoka bonde la mto Vaser ambako barabara haifiki. Na wafanyakazi wa msituni wanasafiri kwa gari dogo la kawaida, la aina ya basi dogo la kubebea abiria kama hizi daladala zetu, lililotolewa matairi na kuwekewa magurudumu ya reli. Usukani wa nini tena? Milango ileile, viti vilevile. Yaani gari lililochoka barabarani limeanza kazi mpya likiwa na umri ambao kwetu lingekuwa limeshakatwakatwa kwa gesi.

Mwaka jana nilirudi kumtafuta yule mzee fundi. Nilimkuta nyumbani kwake, ana ng'ombe wanne wa maziwa. Kumbe siku ile ya lori alikuwa ameomba apewe vigari viwili na vipande vya reli kumi, akakatwa fedha hiyo kwenye malipo yake ya mwisho. Ametandika reli kutoka shamba lake la majani ya tembo, kama mita hamsini za mteremko, mpaka bandani. Mjukuu wake wa darasa la sita anapakia majani, anaachia breki ya mti, kigari kinashuka chenyewe taratibu, na kikiwa kitupu mtoto anakisukuma kurudi kwa mkono mmoja.

Akanipa nyundo. Nikagonga ekseli ya kigari cha kwanza, ikalia kama kengele ya shule. Nikagonga ya pili, sauti ikawa imekufa, kama ya chungu chenye ufa. Mzee akacheka akasema ile anaijua, ndiyo maana imekaa uani, haipewi mzigo. Anaitunza kwa ajili ya magurudumu yake.